Kodi

Nilimwambia mama naandika kodi.
Akaacha kukanda unga, vidole vingali vyeupe,
akauliza: "Ya mwezi gani tena? Ya Mei si nilimpa wakala mkononi?"
Kwetu Majengo neno hilo lina maana moja:
nyumba yetu, ardhi ya watu.

Chuoni Tudor, chumba cha kompyuta, ghorofa ya pili,
feni moja yazunguka, ya pili imekata tamaa.
Daktari Mghoi agonga ubao: aina ni ramani,
kitu ni nyumba iliyosimama kwa ramani hiyo,
na ramani moja yaweza kuzaa mtaa.
Sisi wa nyuma twabishana tuiiteje aina.
Kadzo asema darasa. Twacheka:
darasa si ndilo hili linalotutoa jasho?
Mwingine asema tabaka, neno lenye harufu ya kampeni.
Mimi nikaandika pembeni mwa daftari: ngeli.

Maana haya niliyajua kabla sijayajua.
Kikombe kimevunjika, vikombe vimevunjika:
nani alinifundisha kuwa kikombe
hutembea na kanuni zake mgongoni?
Na kijana je? Kavaa ki kama kikombe, kama kiti,
lakini mwite uone.
Hatukwambii kimekuja. Amekuja.
Karithi sura, kakataa tabia.
Daktari alilifikisha hilo kwa saa mbili na slaidi arobaini;
mimi nililipata bure, nikitumwa dukani.

Nikavimba kichwa. Ndipo ikaja kazi ya tatu:
sanifu mfumo wa nyumba za mtaa.
Nikaandika: Nyumba hurithi Ardhi.
Ikakubali. Ikaenda. Hakuna kosa jekundu hata moja.
Daktari akasoma, akaweka kalamu chini.
"Nyumba ni ardhi? Au nyumba ina ardhi?
Jiulize ni na ina kabla hujagusa kibodi."

Nilitembea hadi Makupa nikizitafuna silabi hizo.
Ni.
Ina.
Yetu si hii wala si ile.
Baba alirithi kuta, mabati, mlango wa mvule, choo cha uani.
Udongo wa chini yake una mwenyewe, ambaye sijapata kumwona.
Sisi tumeshika anwani tu,
na mwenyewe akifuta kilicho upande wa pili
anwani itabaki ikielekeza hewani.
Pale penye taa za Makupa, lori likinipigia honi,
nikalielewa kosa la muhula wa kwanza
lililoiangusha programu yangu mara kumi na nne.

Nikafuta yote. Saa saba za usiku, mama kalala.
Nyumba haikurithi tena; ilipewa mkataba,
kitu cha pembeni chenye tarehe, kiasi, na jina la wakala.
Baraza nikaliacha wazi: apitaye aketi, aulize bei, aende zake.
Ua nikaufunga. La ndani haliguswi na mkono wa nje;
upige hodi, uambiwe karibu,
uletewe ulichoomba kwenye sinia, basi.
Shangazi Mwanakombo angekwama kwenye programu yangu.
Yeye huingia moja kwa moja hadi jikoni, akafunua chungu.

Kumi na saba juu ya ishirini.
Alama tatu zilipotea kwenye jina:
ile mbinu inayojibu nyumba ni ya nani
niliiita kwetu, na Daktari akaandika kando,
kwetu ni mahali, haisemi mwenye mali.
Kweli. Haisemi.
Sikulibadilisha.

"Kodi yako imekwisha?" mama aliuliza asubuhi,
akihesabu noti juu ya meza ya mahamri.
Nikamwambia imekwisha.
"Yangu imepungua mia mbili," akasema,
akafunua kopo la sukari, akatazama ndani, akalifunika.
Nje wakala alikuwa amefika.
Akapiga hodi, akangoja barazani.
Angalau yeye ajua mpaka.