Ujumbe wa Saa Tisa

Seva yangu inaishi kabatini,
kati ya mitungi ya matango ya siki
na buti alizoziacha Indrek.
Ni kompyuta kuukuu isiyo na kifuniko,
feni yake hukoroma kama mwenye mafua,
na paka wangu Tuhkur huilalia majira ya baridi
akidhani nimemnunulia jiko.

Mtaani kwetu, hapa Tartu, barabara zina majina ya mboga.
Nakaa Njegere, hatua chache kutoka Viazi.
Ukimwelekeza mgeni, hudhani unamtajia kitoweo.

Mchana ni wa benki: naandika msimbo wa watu,
natafuta nukta-mkato moja iliyopotea
katika mistari elfu arobaini,
chuya ndani ya gunia la mchele.

Usiku ni wangu. Nafungua kabati, napangusa vumbi, naandika:
Leo barafu ya mto ni sentimeta kumi na tisa.
Bi Helju wa namba saba kapaka mlango wake kijani.
Jinsi ya kuinyamazisha feni kwa kipande cha soksi.
Basi. Hiyo ndiyo tovuti.
Haiuzi kitu, haimuulizi mtu jina.
Wageni kumi na mmoja kwa siku,
nane kati yao roboti.

"Nani anasoma?" aliniuliza Indrek,
kijiko mkononi, supu ikipoa.
"Ngoja, kidogo tu."
Kidogo hiyo ikala Jumapili zetu,
ikala hata siku yake ya kutimiza arobaini:
mimi nimepiga magoti kabatini nabadilisha diski,
mishumaa ya keki inajizimikia yenyewe.
Hakugomba. Laiti angegomba.
Alikunja mashati, akapanda basi la Pärnu.
Buti hazikuenea begini.

Miaka sita.

Februari hii theluji iliangusha waya.
Sikuamshwa na kelele, niliamshwa na ukimya:
feni imenyamaza, nyumba nzima imeshika pumzi.
Nilikuwa napapasa kiberiti simu ilipolia.
Saa tisa na dakika nne usiku, chaji asilimia nane.

"Uko mzima?"

Sauti ile, kavu, yenye usingizi.

"Mzima. Umeme tu. Umejuaje?"
"Ujumbe wangu wa saa tisa haujaja."
"Ujumbe gani?"

Akacheka kwa puani, akanikumbusha.
Mwaka wetu wa kwanza, chupa ya mvinyo wa zabibu nyeusi,
vichwa viwili mbele ya kioo kimoja,
tuliandika kijiprogramu cha mistari tisa:
kila saa tisa usiku kiamke,
kiishike seva mkono, kitafute mapigo,
kikiyapata kimwandikie yeye neno moja:
Ipo.

Mimi, ninayelipwa kufukua waliyosahau wengine,
nilikuwa nimekisahau.
Barua elfu mbili na ushei. Usiku kwa usiku,
hata usiku wa basi lile.

"Ungesema, ningekizima."
"Ningeweza kuzizuia mwenyewe," akasema,
kisha nikasikia birika lake likianza kuchemka
huko mbali, kwenye jiko nisilolijua.
"Buti zangu bado zipo?"
"Zipo. Zinanuka siki."
Simu ikakata roho.

Umeme ulirudi kukikucha. Feni ikakohoa, ikaanza kukoroma,
Tuhkur akarejea kitandani pake.
Nikaandika: Leo barafu ni sentimeta ishirini na mbili.
Kisha nikakifungua kile kijiprogramu.
Juu ya mstari wa tatu, maandishi yake:
usiguse, inafanya kazi.

Nikagusa.
Nikaongeza mstari wa kumi.
Huo sitauandika hapa,
una msomaji wake.