Kifungo

Chumba cha darubini, Muhimbili, saa tatu usiku.
Jenereta limekohoa, limenyamaza, limekohoa tena.
Chini ya lenzi: kipande cha msuli wa Shomari,
miaka kumi na mmoja, mtoto wa Mtoni kwa Aziz Ali,
viwiko havinyooki,
hutembea kwa ncha za vidole
kana kwamba kila sakafu ina mtu aliyelala.

Nimetia rangi. Viini vimewaka buluu.
Vilipaswa kukaa pembeni, kila kimoja na nafasi yake,
kama wapangaji waliokwisha lipa kodi.
Hivi vimesongamana katikati, vitatu, vinne,
kimoja kimejikunja, umbo la korosho.
Si kiinimacho. Nimehesabu mara mbili.

Kiini cha seli hakielei ovyo.
Kimezungushiwa tando mbili, na baina yake upenyo
ambao hata wino haungepata pa kukauka.
Protini moja imetoboa utando wa ndani,
nyingine imetoboa wa nje,
zimeshikana mikono humo gizani,
na huko nje ile ya pili imekamata kiunzi,
nyuzi za aktini, kamba zote za seli.
Ukikunja kidole,
habari hufika hadi kiini.
Kwa Shomari haifiki,
au inafika imechanika.

Asubuhi akaja mama yake, Mwajabu,
fundi cherehani wa Mtaa wa Aggrey,
sindano tatu kifuani, koti la bwana harusi mkononi.
Nikaanza: nesprini, lamini…
Akanitazama. "Kwa Kiswahili, dada."

Nikaliomba koti. Hiki kitambaa, nikasema.
Hii bitana. Hapa katikati pana nafasi.
Na kifungo —
"Uzi," akanikatiza. "Kilichokatika ni uzi."
Uzi.
"Umekatika kwangu, au kwa baba yake?"
Damu imepelekwa nje, nikamwambia. Majibu wiki sita.
Akalikunja koti polepole, bega juu ya bega.
Koridoni Shomari alikuwa akiifikia swichi ya taa
kwa kiwiko, akiwasha, akizima, akiwasha.

"Na chako kinaning'inia," akasema.
Sikuwa nimekiona. Kifungo cha pili cha koti langu jeupe.
"Vua."
Akashona bila kuketi. Hakukibana:
aliacha shingo fupi ya uzi, akaizungushia mara tatu.
"Ukikaza sana, siku mtu akiinama
kitambaa ndicho kinachochanika."
Akakata uzi kwa meno.
Hakuniuliza kama wa mwanawe unashoneka.
Nilikuwa nimeshaandaa jibu, nikabaki nalo.

Usiku tena. Jenereta lilelile.
Kidole gumba kinakizungusha kifungo
bila mimi kukituma.
Kinacheza kidogo.
Hakitoki.