Jina la Mwajiri

Kijana wa steshenari, hapa Limbani,
kafungua ukurasa mweupe, vidole tayari.
“Jina kamili?”
Mize Shaame Kombo.
“Jina la mwajiri?”
Nikamtazama. Mvua ya vuli yapiga bati,
na yeye hulipwa kwa ukurasa, si kwa saa.
“Andika Mize Shaame Kombo.”
“Hilo nishaliandika, mama.”
“Basi liandike tena.”

Miaka kumi na tisa kwenye kibaraza cha Bi Raya,
cherehani ya miguu, meza iliyotiwa kigae guu moja,
sare za skuli: shati, sketi ya buluu, ushungi.
Mwajiri huyo, mwanangu, alikuwa na roho ngumu.
Arubaini yangu haijatimia, kishaniita kazini.
Likizo hajui. Homa hataki kuisikia.
Mshahara wa masika akaula mwenyewe
na mie nikala naye, sahani moja.
Nilipotaka kuacha kazi, barua ningempelekea nani?

Kijana ataka tuandike “Mkurugenzi Mtendaji”.
Wa nini? Wa sindano?
Chuo cha amali wanatafuta mwalimu wa ushoni,
wakimwona mkurugenzi watamwomba msaada.
“Haya, umewahi kusimamia watu?”
Wawili. Sabiha nilimfundisha kola
hata akanishinda, leo ana kibanda chake Konde.
Wa pili simtaji. Aliondoka na mkasi wangu mzuri.
Akapiga: *alisimamia na kufundisha mafundi wawili.*
Nimesoma mstari ule mara mbili.
Mkasi haumo.

“Hesabu je? Uliweka?”
Nikafungua mfuko wa rambo, nikatoa madaftari,
saba, mengine yameliwa pembe na mende.
*Omar wa Mzee Ngwali, kifua ishirini na nne,
bega la kushoto limeshuka, asiambiwe.*
*Omar, mwaka wa pili, ishirini na sita.*
*Omar, mwaka wa tatu, ishirini na sita.*
“Hapa umekosea kupima.”
Sikukosea.
Mwaka ule mikarafuu haikuzaa.
Tazama ukurasa mzima, vifua vya Wete nzima
vimesimama pale pale.
Na hapa pembeni, palipoandikwa *bado*,
ndipo palipokuwa pesa.

Akafunua, akafunua. Vidole vikatulia.
*Haji wa Bi Asaa, kiuno ishirini na moja,
bado elfu tatu.*
Hakuniangalia. Akasema taratibu, kama asemaye na kibodi,
“Suruali ile niliivaa miaka mitatu.
Kila Januari mama alikuwa akiifumua chini,
na kila Januari kitambaa kilikuwapo.”
Kilikuwapo, ndiyo. Vidole vinne vya upindo.
Fundi wa mjini huacha kimoja,
kitambaa kibaki kwake.
“Hiyo tuiweke wapi?” kauliza.
Hatukupata kisanduku chake.

Wadhamini: sheha, na mwalimu mkuu.
Ningeweza kumtajia mia nne wengine,
wasimamao mstarini kila asubuhi, saa moja na nusu,
pua zawachuruzika.

Kimebaki kimoja: *sababu ya kuacha kazi.*
Hapo nami nikanyamaza.
Sare za tayari zashuka bandarini kwa marobota,
rahisi, na mishono yake yafumuka kabla ya Idi.
Macho yangu nayo, uzi nautungia kwa kubahatisha.
“Andika mwajiri kaishiwa.”
Akaandika, *kutafuta fursa mpya.*
Sawa. Mwongo yeye, sahihi yangu.

Karatasi imetoka ina moto.
Nimetoa mia tano, kaisukuma nyuma,
nimeisukuma tena, kaichukua.
Deni la mama yake si la kulipwa kwa wino.
Kisha nikaona pande zote nne za ukurasa
kumeachwa nafasi nyeupe, haina neno.
Nimeweka vidole kupima, mazoea tu.
Viwili.
Unaweza kufumuliwa, nikasema,
lakini mashine yake ilikuwa ikilia,
sidhani kama alisikia.