Bado Kidogo

Asubuhi hii nimeandika kwa chaki kiooni: GARI LINAUZWA,
nikafuta, nikaandika tena kwa herufi kubwa zaidi,
maana macho yangu ndiyo yanayoliuza.

Lilizaliwa gari la wagonjwa, kule mgodini Kambove.
Mwaka wa mnada nililinunua bila milango ya nyuma.
Mande alikataa kulala ndani: "Humo watu wamekata roho."
Akalisugua siku tatu kwa majivu na ndimu,
siku ya nne akaingia na mto wake.
Nikakata dirisha upande anaolalia,
nikafunga rafu, ndoano za sufuria, tangi la lita sitini;
mbabula ikapata sanduku lake la bati chini ya ngazi.
Watoto wa Katuba waliliita Nyumba Inatoroka.
Sisi tuliliita Bado Kidogo,
kwa kuwa ndivyo nilivyomjibu kila aliponiuliza
kama tumekaribia.

Tumekaribia wapi?
Likasi, kwa mkate tu. Kolwezi, kwa msiba, tukakaa mwezi.
Kasenga, mpaka shuka zetu zikanuka samaki wa kukaushwa.
Njia ya Bunkeya mkanda wa feni ulikatika,
Mande akavua soksi yake ndefu bila kuombwa,
nikaifunga, ikatufikisha barabara kubwa ikilia kama paka.
Novemba moja tuliegesha gizani, tukaamka
kati ya vichuguu vyekundu virefu kuliko gari,
tukanong'ona, tukidhani tumeingia kijiji cha watu
bila kubisha hodi.

Yeye, mwalimu wa miaka thelathini na mmoja, aliandika yote
kwenye daftari la mistari: kilomita, mazuti,
pesa ya kizuizi, pesa ya wenye kamba isiyo kizuizi,
na jina la kila mtu aliyetupa maji.

Juni, tukitoka Pweto, jioni ya moshi wa nyasi,
sikuiona baiskeli.
Niliona magunia ya makala yamesimama mbele yangu kama ukuta,
nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili.
Sufuria ziliruka. Sukari ikatumwagikia shingoni.
Kijana akainuka kutoka majanini, akajipangusa magoti,
akaja hadi dirishani.
"Samahani, baba," akasema.
Yeye. Kwangu mimi.

Hatukusemezana mpaka taa za mji.
Kesho yake nililikuta daftari mezani. Hakuandika kilomita.
Aliandika *Tumefika*,
akapiga mstari chini yake, halafu mstari wa pili,
kwa kalamu ile nyekundu
aliyoniambia imekwisha wino tangu astaafu.

Mnunuzi amekuja saa kumi: Chabu, msusi wa Ruashi.
Injini hakuiuliza. Alipima kwa mikono yake,
viti vitatu huku, kioo pale;
magurudumu atayauza, bodi ataikalisha juu ya matofali.
"Dirisha nitaliacha," alisema, "mwanga wake unafaa kusukia."
Nilitaka kukasirika.
Nikajikuta namwonyesha jinsi mlango ule
unavyotaka bega kwanza, mkono baadaye.
Dola elfu mbili na mia nne,
na Mande atasukwa bure hadi mmoja wao achoke.
Jeki nimebaki nayo. Hakuiuliza, sikuitaja.

Kitanda cha nyumbani ni cha mti wa mukwa, kipana,
watoto wanne waliwahi kuumwa surua juu yake pamoja.
Lakini sisi tunalala ukingoni, tumebanana
kwa upana wa machela mbili,
na katikati ya usiku mkono wangu unashuka
kuhakikisha breki.
Unakuta saruji.

"Tumekaribia?" anauliza Mande,
mgongo kwangu, sauti imefunikwa na blanketi,
na miaka yote hii sijajua kutofautisha
usingizi wake na utani wake.