Ngozi Mbili, Julai

Nusu saa nzima nimesimama dukani kwa Bi Shuweha,
Barabara ya Saba, mlango umerudishwa nusu
kwa sababu ya upepo.
Julai ya Dodoma haina adabu:
inapita chini ya sweta, inapasua midomo,
inatia vumbi hata kwenye chai.

"Ya maua hayadumu wakati huu, mwanangu.
Baridi inayameza kabla hujafika kona.
Chukua ngozi. Ngozi inakaa."
Akanidondoshea tone mkono wa kushoto, tone wa kulia,
akafunga vichupa kama anayefunga siri za watu.

Kushoto: kiti kipya cha mkurugenzi,
iliki kidogo, begi ambalo bado lina karatasi tumboni.
Ngozi iliyosahau kwamba iliwahi kuwa na pembe.

Kulia: moshi kwanza. Kisha chumvi,
kisha magome ya mgunga yaliyolowekwa siku tisa,
kisha Kizota, uani kwetu.

Hapo nikatamani kunawa.

Baba yangu, Mzee Chilewa,
aliwamba ngozi kwa vigingi miaka thelathini,
na kila jioni alijisugua ndimu na majivu hadi viwikoni
ndipo mama amkaribishe kula.
Shuleni niliketi dawati la mwisho, karibu na dirisha,
si kwa kupenda kuangalia nje.
Leo harufu ileile ina kichupa, ina kifuniko cha dhahabu,
na nusu tola ni elfu arobaini.

Sikununua. Nilipanda bodaboda hadi nyumbani,
mikono nimeitenganisha mapajani
kama niliyebeba mayai ya ndege wawili wasiopatana.

Baba alikuwa anaota jua ukutani,
koti limefungwa hadi kifungo cha shingo.
"Nusa," nikasema.
Hakuuliza nini. Aliushika mkono wa kushoto
kama alivyokuwa akishika ngozi mnadani Msalato,
kidole gumba juu, akipima unene.
"Hii imechunwa vizuri. Ng'ombe wa mtu mwenye malisho.
Haina kosa."

Akahamia kulia. Akanusa, akanyamaza, akanusa tena.
"Hii kisu kimeteleza. Ina tundu, huku, karibu na bega.
Na aliyeianika aliianua mapema, aliona wingu.
Mnunuzi atakukata bei."

Nikacheka. Yeye hakucheka.
Aliendelea kuushika ule mkono wenye kasoro
muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji,
bati la jirani likigonga, likigonga,
na pua yake ikitoa machozi ya baridi,
au ya vumbi, sikumuuliza.

Jumatatu nilirudi kwa Bi Shuweha.
"Nipe ile yenye tundu."
"Ipi hiyo?"
"Ya kulia."
Nikajaribu kukata bei, kwa ajili ya kile kisu.
Hakunielewa.
Hakupunguza hata mia.