Nasoma Madoa Kwanza

Umekuja na theluji mabegani, Taavet,
waulizia kitabu cha kutengenezea bia nyumbani.
Harusi ya dada yako ni mwezi wa sita
na pipa la babu limekauka, mbao zimeachana.
Vua glavu. Keti.
Hili si swali la kujibiwa wima.

Mimi bia siinywi, kisiwa kizima chajua,
tumbo langu na shayiri hawajapatana tangu utoto.
Lakini miaka thelathini na mmoja napokea vitabu vinavyorudi,
na kabla sijagonga muhuri
nasoma madoa kwanza.

Cha kuanzia kiko rafu ya mwisho kule chini.
Mtaka cha uvunguni, mengine unayajua: inama.
Chembamba, jalada la kijani, mwandishi alikuwa mkunga.
Kurasa sitini, na arobaini ni kuosha tu:
osha pipa, osha mwiko, osha mikono,
osha tena ulichodhani umekiosha.
Wengi hukirudisha kikiwa safi kama shuka la hospitali,
yaani hawakukifungua.
Bia yao niliinusa nikiwa barabarani.

Kile kinene cha profesa wa Tartu kiache.
Kina majedwali, kina mishale,
kina maji yaliyochambuliwa hadi chumvi ya mwisho.
Kweli tupu, sibishi.
Ila doa lake la mwisho liko ukurasa wa ishirini na tatu:
hapo ndipo kila msomaji alipotua kikombe cha kahawa
akaenda kulala.
Haribu mapipa mawili, kisha uje ukichukue.
Utakielewa kwa hasira.

Cha hamira ni hiki. Kimetoka Kijerumani
kwa mkono wa mfasiri mwenye haraka;
palipotakiwa "iache ilale"
yeye kaandika "iache ife".
Aliyekiazima kabla yako kasahihisha kwa penseli,
herufi kubwa, zenye uchungu wa lita arobaini.
Kati ya hao wawili, mwamini wa penseli.

Halafu kuna hiki, ambacho mpaka juzi
kilikuwa jina tu kwenye daftari langu la madeni.
Kimeandikwa na watu wa hapa hapa:
matawi ya mreteni yatandikwe chini ya pipa,
togwa la shayiri lichujwe bila kuharakishwa,
maua ya hopsi yachumwe ukutani kwa jirani,
kwa ruhusa au bila,
na sura nzima juu ya kungoja.
Ülo Pihlak alikichukua mwaka ule bahari ilipoganda
na magari yakapita juu yake hadi bara.
Nilimwandikia barua saba.
Alijibu moja: "Bado nasoma."

Jumanne mkewe, Leida, alikileta,
kimeviringishwa taulo la jikoni kama mkate.
Ülo tulimzika Novemba.
Akauliza faini ni kiasi gani.
Nikahesabu kwa vidole, nikakosea makusudi;
akacheka, akajifuta macho,
akaniwekea mezani chupa ndogo isiyo na karatasi.
Imo kwenye droo hii, kando ya mihuri.
Sijaifungua.

Tazama: hakuna ukurasa mweupe humu.
Gumba lake hili hapa, na hapa, na hapa.
Wa tisini na wa tisini na moja umegandana,
sukari ya kimea imeufunga kama bahasha.
Nimejaribu mvuke wa birika,
nimejaribu kisu cha siagi.
Haziachani.

Kichukue. Wiki tatu, si miaka.
Yaliyofungiwa katikati kamwulize Leida,
mlango wa bluu, nyuma ya kinu cha upepo.
Gonga kwa nguvu, sikio lake la kulia halina kazi.
Na Taavet,
ukinirudishia bila doa jipya,
nitajua.