Thelathini na Saba

Kifundo cha zamani kilikuwa na mwisho.
Kipeleke kushoto, kinagoma. Kipeleke kulia, kinagoma.
Na katikati, pale shangazi Mwansa alipotia tone la rangi ya kucha,
ndipo palipokuwa pa taarifa ya habari:
sauti ya mtu anayesema nawe mezani
bukari ikiwa bado inatoa mvuke.

Ila kilikwaruza.
Miaka kumi na tisa ya vidole vyenye unga wa ngano
iliila njia yake ya kaboni,
hata msomaji wa habari akawa kama anatafuna mchanga wa Katuba,
na spika ya kushoto haikusema
mpaka uipige kofi ubavuni.

Nikakifungua Jumamosi.
Ndani: utepe mweusi uliochubuka kama goti la mtoto
na kikono cha shaba, labda shaba ya hapahapa,
iliyochimbwa kwetu, ikazunguka dunia,
ikarudi ikiwa ndogo kuliko ukucha.
Sikukitupa. Kimo kwenye kopo la maziwa, pamoja na skrubu.

Nikaweka enkoda, franki elfu nne dukani kwa Kazadi,
kitu kisicho na mwanzo wala mwisho,
tik, tik, tik,
kama mtu anayehesabu pesa za mwenziwe.
Sauti yenyewe haipiti kwake.
Kazi yake ni kunong'ona: mbele moja, mbele moja, rudi,
na chipu, mdudu wa miguu ishirini na minane,
ndiye anayeamua.

"Sikiliza," nilimwambia shangazi. "Hakuna mkwaruzo."
Alizungusha. Akazungusha tena.
"Mwisho wake uko wapi?"
Hauna.
"Sasa nitajuaje nimefika?"
Nikamwonyesha namba kwenye kioo: 37.
Hakuwa na miwani. Kidole chake kilitafuta tone la rangi,
kikateleza.

Umeme wa mtaa wetu huja saa nane usiku,
hauna hodi.
Hodi yetu ilikuwa ile redio.
Hatukuizima kamwe. Kifundo kilikaa kilipoachwa, giza au mwanga,
na umeme ukirudi redio ilifumbua mdomo palepale,
hata kama ni mvumo mtupu wa masafa,
na shangazi akainuka, akawasha jiko,
mikate mia moja ikaiva kabla ya watu kwenda kazini.

Usiku wa tatu umeme ulikuja.
Chipu iliamka kama aliyezaliwa dakika ileile,
haikumkumbuka mtu,
ikajiandikia sifuri,
ikanyamaza kwa adabu.
Tulilala sote. Balbu ya jikoni iliwaka peke yake
ikiangaza mende.

Asubuhi unga ulikuwa umepanda, ukafurika, ukachacha.
Mwalimu Kyungu alinunua mihogo kwa mwingine.
Shangazi hakufoka. Alisema, huku akikwangua sufuria,
"Ile ya zamani ilikuwa bovu,
lakini ililala macho wazi."

Nikaazima kompyuta, betri asilimia kumi na moja,
nikaandika mistari minne:
akizungusha, ngoja kidogo,
kisha weka namba mahali pasipofutika.
Ukiamka, kabla ya lolote,
isome.
Mistari minne, kumfundisha chipu
jambo ambalo utepe mchakavu ulilijua kwa kukaa tu.

Jana, saa nane na robo, mtu aliimba sebuleni ghafla,
safi, bila mchanga,
na ukutani nikasikia:
"Kuraa ilirudia! Amka, lete ndoo!"

Rangi ya kucha ameipaka tena, kwenye kifundo kipya.
Nimemweleza: hiki huzunguka tu, alama haitakaa.
Amesema anajua.
Leo tone liko chini, upande wa kulia,
limeelekea dirishani.